Nilimsahihisha Skola mchoro wa familia yake, Mgeta, na bado unaniuma

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta kama mara nne. Leo nauacha ukae. Chumvi sijaweka, na pale nilipofanya ujinga nitajisema mwenyewe kabla hamjanisema.

Mimi mtu wa Singida. Nilimaliza chuo pale Mzumbe, ajira hakuna, kurudi nyumbani na cheti kitupu naona aibu. Jamaa yangu akaniambia kuna shule ya msingi juu huko Mgeta, Moro, wanatafuta mwalimu wa kujitolea. Nikapanda.

Kwa ambao hamjafika, Mgeta ni milima imesimama wima, mashamba ya kabichi na karoti yamebandikwa ubavuni. Baridi ya Julai, kuoga mpaka ujadiliane na nafsi yako.

Watoto wengi walikuwa wanabeba mboga kichwani hadi barabarani kwenye fuso za Dar, ndipo waje shule. Wanafika wamechoka, wanasinzia.

Skolastika, sote tukimwita Skola, alikuwa mmoja wao. Darasa la sita na kusoma hajui. Ukimwita ubaoni anaangalia vidole vya miguu yake.

Nikaanzisha klabu ya kuchora kila Jumamosi. Bajeti zero. Karatasi tulichana mifuko ya saruji, rangi tukakamua bitiruti na majani ya spinachi, nyeusi ni mkaa. Walimu wenzangu wakanibatiza jina, "fundi rangi". Sikujali, mimi kichwa ngumu tangu zamani.

Sasa yule binti alikuwa na mkono, wakuu. Akichora mbuzi, unajua kabisa ni mbuzi wa nani.

Nikamwambia kila unachochora, andika jina lake chini. Mbuzi. Kabichi. Mama. Ndivyo alivyojua kusoma. Kufika la saba akawa anawasomea wenzake, na kucheka anacheka.

Jumamosi moja nikawapa kazi, chora familia yako.

Skola akamchora mjomba wake, mkubwa kuliko wote, katikati, kakaa kwenye kigoda. Mama na watoto wamemzunguka. Baba yake kamweka pembeni, mdogo kama kuku, karibu na mlango.

Nikamwambia, "Skola, baba ndiye mkubwa wa nyumba. Rudia."

Akaniangalia, akauangalia mchoro. Akachukua karatasi nyingine, akachora baba mkubwa, mjomba hayumo kabisa. Nikamwekea vema.

Tuendelee.

Alipomaliza la saba nikasikia shule moja ya masista mjini ina nafasi ya ufadhili, moja tu, kwa mtoto mwenye kipaji cha sanaa. Nikatuma michoro yake. Wakamkubali. Masharti: aripoti Jumatatu na mzazi, asipofika nafasi anapewa mwingine.

Nilishuka mbio kwa wazazi wake. Baba yake mtu mpole sana, alisikiliza, akafuta machozi, akasema, "Mwalimu, mchukue tu."

Mama yake alikuwa anamenya viazi. Nikamuuliza na yeye anasemaje.

"Mwalimu, umeshafika kwa mjomba wake?"

Nikamjibu mjomba nitamsalimia siku nyingine. Hapo ndipo mnaruhusiwa kunitukana. Kwetu Singida baba akishasema limekwisha, na mimi nikadhani dunia nzima ni Singida.

Jumapili baada ya misa niko pale kwao, Skola keshafunga nguo zake na vipande vya mkaa kwenye rambo. Mjomba akaingia. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri.

"Mwalimu, sina ugomvi na shule," akasema. "Lakini huyu ni mtoto wa ukoo wetu. Baba yake tumemkaribisha. Wewe umepatana na mgeni, wenye mtoto umetuacha."

Kwa Waluguru, wenyeji wa huko, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Nimekaa pale zaidi ya mwaka sijawahi kuuliza.

Baba wa mtoto aliinamisha kichwa.

Mjomba akamshika Skola mkono, wakaanza kutoka. Skola akageuka akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo kesho hatuendi?"

Mpaka leo sijamjibu.

Ilibidi nimtafute katekista anisindikize kuomba radhi, na tulimpata mjomba Jumatano. Mzee hakuwa na kinyongo hata kidogo. Tukala ugali na njegere, akasema yameisha, mpeleke. "Ungepita hapa kwanza, ningemshusha mimi mwenyewe hadi mjini."

Nikakimbia kwenye kile kilima kinachoshika mtandao, nikapiga. Sista akaniambia kwa upole kwamba nafasi imeshapata mtoto. Kurudi kuwaambia, ile njia ilikuwa ndefu.

Baadaye nikapata ajira mkoa mwingine. Skola alichukuliwa na mama yake mdogo. Wapo wanaosema yuko karibu na Mzinga pale Moro, wapo wanaosema Dar. Namba hakuna.

Mwaka jana nilipanda tena kumuulizia. Mjomba amezeeka, akanifungia mfuko wa matunda damu, yale mekundu ya huko milimani. Nikamuuliza habari za Skola, akasema, "Hata mimi namngoja."

Nimemkumbuka yule mtoto, wakuu. Nikiona mfuko mtupu wa saruji popote, roho inashtuka. Namkumbuka anavyotoa ulimi kidogo akichora pembe za mbuzi.

Funzo langu ni moja. Ukienda kusaidia mtoto wa watu, anza kwa kuuliza wenyewe wanaishije. Mimi hata kuuliza sikuhitaji, Skola alishanichorea, nikamwambia arudie.

Ile karatasi ya kwanza ninayo bado. Mjomba katikati, baba mlangoni, majina chini kwa mwandiko wake.

Karibuni mchangie, na waliowahi kuteleza hivi wasione aibu. Na kama uko Moro au Dar ukakutana na binti wa Mgeta anaitwa Skola, anachora kwa mkaa, mwambie mwalimu wake anasema ile ya kwanza ndiyo ilistahili vema.