Shuka la Babu Lililokauka Mno

Juzi binti yangu alianua nguo hapa kwetu Fizi-Centre, akaniletea taulo lililokauka mpaka likawa linasimama lenyewe. “Mama, hii inakwaruza,” akalalamika. Nilimwonyesha jinsi ya kulilowesha kidogo, kulivuta na kulikanda, na mikono yangu iliijua kazi hiyo vizuri mno. Kisha nikashikwa na aibu, aibu ya zamani. Wewe tumejuana miaka, lakini hili sijawahi kukueleza.

Nilikulia Baraka kwa babu na bibi, karibu na ziwa. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, babu alipooza upande mmoja. Alilala chali siku nzima, mgongo ukaota vidonda. Muuguzi alituambia wazi kwamba shuka lake lazima liwe safi na laini kila siku, la sivyo vidonda vitazidi kuchimbika. Sabuni yetu ilikuwa ile ya mawese, nzito, inayong'ang'ania kwenye kitambaa, na jua la Baraka unalijua. Tena vidole vya bibi vilikuwa vimeshapinda kwa baridi yabisi.

Aliyetuokoa ni jirani. Alikuwa mama wa milimani, wa jamii ya wafugaji, aliyeteremka na watoto wake wakakaa ng'ambo ya ua wetu wa matete. Kila asubuhi alilifua shuka la babu ziwani pamoja na nguo zake, akalisuuza maji matatu, akalianika kwenye kamba yetu. Halafu hakungoja likauke. Likiwa bado na ubichi aliniita, tukalishika ncha kwa ncha, tukavuta, tukalikanda kwa ngumi, tukalirudisha kambani. Mara tatu tulifanya hivyo. Alisema kwao wazee walilainisha ngozi ya ng'ombe namna hiyo, kwa mikono, bila kuipa nafasi ya kukakamaa. “Vuta, mwanangu! Unavuta kama mutu hajakula!” Mimi nacheka, shuka linalia pwa! pwa!, na babu mle ndani anajua kitanda chake kinakuja.

Wakati huo watu wa ziwani na watu wa milimani walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni. Wapo waliomwambia bibi asimruhusu yule mama kugusa vitu vya mgonjwa. Bibi aliwakatiza: “Ule mama iko na roho muzuri. Muniache.”

Siku moja jirani alikuwa na safari ya sokoni. “Ikianza kukauka, uite koko yako, muvute,” aliniambia, yaani nimwite bibi. Nikaitika. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akichambua sombe, majani ya muhogo, hata hatua ishirini hazifiki. Lakini boti ya mbao kutoka Ubwari ikafika imejaa miwa, nikakimbilia pwani na wenzangu. Niliporudi na mdomo wangu mtamu, jua lilikuwa limemaliza kazi yake. Shuka lilikuwa gumu kama samaki wa kukaushwa. Nililikunja hivyo hivyo, na jioni nikalitandika mimi mwenyewe.

Asubuhi tulikuta damu. Kidonda kimoja kilikuwa kimechanika upya. Bibi alikipapasa kitambaa, akaniuliza: “Shuka imekuwa nguvu hivi, ni nani?” Nilijibu bila kupepesa: “Ni mama jirani. Hakusuuza, sabuni imebakia.” Babu alinitazama. Jana yake hakuwa amesikia shuka likivutwa, lakini ulimi wake haukuweza tena kusema lolote.

Nilijua nitaaminiwa. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, rafiki yangu. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilijua vizuri ni nani wa kumtupia uongo ule.

Jirani alipokuja kuchukua nguo, bibi alimkuta pale uani. “Pumzika tu, mama. Tutafua sisi wenyewe.” Yule mama alinigeukia. Nikatazama miguu yangu. “Haya, mama,” akasema. “Lakini muvute ikiwa ingali na maji kidogo.” Akaondoka na beseni lake.

Tangu siku hiyo tulivuta mimi na bibi. Vidole vyake havikuweza. Shuka lilimponyoka kila mara, naye ndiye aliyekuwa akiniomba radhi. Vidonda vya babu havikupona tena. Alifariki kabla ya mvua, na yule mama akarudi milimani na wanawe bila sisi kumuaga.

Leo ua wa matete umekuwa ukuta wa matofali. Sokoni Baraka wanauza vipakiti vya dawa ya kulainisha nguo, vinanukia maua, na sijaona tena watu wawili wakivuta shuka. Bibi aliishi miaka mingi baadaye. Kila wageni walipokuja kumkumbuka babu, alisimulia jinsi alivyomwamini jirani yule, na jinsi mjukuu wake alivyomfumbua macho. “Huyu mutoto hasemake bongo, tangu mudogo,” alikuwa akisema, yaani sisemi uongo, mkono wake begani kwangu. Mara ya mwisho aliposema hayo nilikuwa tayari mama wa watoto wawili. Wageni walinitazama kwa heshima, nami nikawaongezea chai.