Spinachi ziliungua, Mwalimu Nzisa akakataa miche ya kununua

Saa moja asubuhi, baridi ya Dagoretti bado haijaondoka, na Mwalimu Nzisa Kitheka amesimama kando ya rundo la samadi akiwa amevaa gambuti na sweta mbili. Anachomoa fimbo ndefu iliyochomekwa katikati ya rundo hilo, anaipapasa ncha yake, kisha anawapitishia wanafunzi wa Kidato cha Tatu.

"Shika. Ni mavi tu ya ng'ombe, hayaumi," anamwambia msichana aliyeficha vidole ndani ya mikono ya sweta.

Fimbo ina joto. Maana yake, anawaeleza, samadi bado inaiva na haijafaa kupelekwa kwenye mimea. Msichana anaishika, anacheka, anampa mwenzake. Hakuna aliyefungua kitabu na somo limeeleweka.

Bi Nzisa, mwenye umri wa miaka 43, anafundisha Kilimo katika shule ya upili ya kutwa iliyo karibu na vichinjio vya Dagoretti. Shamba lake ni robo ekari iliyobanwa kati ya madarasa na ukuta wa nyumba za kupangisha. Upepo ukivuma, soksi za wapangaji huanguka kwenye sukuma wiki, na wenyewe huja langoni kuziulizia kwa haya.

Alizaliwa Mwingi, kwao ambako mvua ikinyesha siku mbili mfululizo watu huanza kusalimiana kwa furaha. Alipohamishiwa Dagoretti miaka tisa iliyopita hakuamini udongo ule mwekundu unavyoshika maji. Hakuamini pia alivyokuta unatumiwa.

Kama ilivyo katika shule nyingi, shamba lilikuwa mahali pa adhabu. Aliyechelewa alilima. Aliyepiga kelele alilima. Aliyepatikana na simu alilima hadi viganja vikatoka malengelenge.

"Nilipata jembe ndio kiboko ya shule," anasema. "Sasa utaambia mtoto apende Kilimo aje, na jana ulimchapa nayo?"

Alibishana na naibu wa mwalimu mkuu, Bw Mutiso, kwa karibu mwaka mzima. Bw Mutiso, mtu mpole ambaye hupenda mambo yaende yalivyozoeleka, alikubali hatimaye kuwatuma wachelewaji wakafagie ukumbi. Leo anasema, huku akitabasamu, kwamba alichoka kusumbuliwa kwenye chai.

Bi Nzisa naye akaweka desturi yake. Kila mtahiniwa ana kitalu chake chenye jina lake kwenye ubao, na mwalimu hakigusi. Hang'oi gugu, hamwagilii maji, hata akiona kiwavi anajilia. Atauliza maswali mpaka uchoke, lakini mikono anaiweka nyuma. Mwandishi huyu alipojaribu kuinua mche mmoja uliolala, aliambiwa kwa adabu auache ulale.

Desturi hiyo ndiyo iliyotaka kumtoa machozi mwaka jana.

Watahiniwa wa Kidato cha Nne walikuwa wakikuza spinachi kwa ajili ya mradi wa mtihani wa kitaifa. Ni lazima mwanafunzi apande mbegu mwenyewe, atunze mmea hadi mavuno, na kueleza kila alichofanya. Asiye na mmea hana cha kuonyesha, na alama hizo hazirudi.

Waliporudi kutoka likizo ya Aprili, walikuta mvua imeosha rutuba na majani yamekuwa ya manjano. Waliona aibu mwalimu ayaone hivyo. Jumamosi moja, bila kumwambia mtu, kikundi kikiongozwa na Afnan Mbarak kiliomba mkokoteni kwa jirani, kikaenda kichinjioni na kurudi na mzigo wa mavi mabichi yaliyotoka tumboni mwa ng'ombe waliochinjwa asubuhi hiyo. Pale hutolewa bure, kwani wenyewe hawana pa kuyapeleka. Wakayarundika kwenye mashina ya kila mche, vitalu vyote, hata vya wenzao ambao hawakuwapo. Walitaka kumfurahisha mwalimu.

Kufikia katikati ya wiki, kingo za majani zilikuwa kahawia. Ijumaa spinachi zilikuwa zimelala chini. Mavi mabichi yalikuwa yakichemka polepole na kuunguza mizizi.

"Nilikaa pale kwa ndoo nikaangalia," Bi Nzisa anakumbuka. "Niliumia. Hao watoto hawakuwa wavivu. Waliharibu kwa bidii yao."

Bw Mutiso alitaka waliohusika waadhibiwe, na ulimi ulipoteleza akataja jembe. Bi Nzisa alimtazama tu, naye akabadilisha mazungumzo.

Jaribu kubwa lilitoka Ngara. Mamake Afnan, mwenyeji wa Lamu anayeuza vyombo vya jikoni hapo Ngara, alifika shuleni na suluhisho tayari. Alikuwa mwenye heshima na mwenye haraka, kama mzazi yeyote anayeona mwaka wa mwanawe unapotea.

"Mwalimu wangu, pale Ngong Road miche tele, tena mizuri," alimwambia. "Nawanunulia watoto wote, twapanda leo, yaisha. Nani atajua?"

Bi Nzisa hafichi kwamba alitamani kukubali. Julai ilikuwa inakaribia, na baridi ya Julai huchelewesha kila kitu. Akisema la, huenda darasa zima likose alama, na wazazi wangejua wa kumlaumu. Aliomba apewe dakika chache, akazunguka shamba, akarudi.

Alimweleza mama huyo kwamba watoto wangejua. Kisha akaagiza mavi yaondolewe, udongo upumzishwe na mbegu zipandwe upya kitaluni siku hiyohiyo.

Wiki zilizofuata, watahiniwa waliingia shambani kabla ya kengele. Walifunika miche kwa nyasi usiku isichomwe na baridi, wakaifunua asubuhi. Afnan hakuwa akizungumza na mtu. Alikuwa amemwambia mwalimu kwamba angeliacha somo, akajibiwa kwamba aache akitaka, lakini amwagilie maji kwanza. Hakuacha.

Afisa wa mtihani alipokuja mwishoni mwa Julai, spinachi zilikuwa hai, ila fupi. Alisimama kwenye kitalu cha Afnan na kuuliza kwa nini mimea ya shule hii ilikuwa midogo hivyo. Bi Nzisa alikuwa mbali kidogo, mikono nyuma, haruhusiwi kusema neno.

"Ni mimi," Afnan alijibu. "Niliweka samadi haijaiva, zikaungua zote, za wenzangu pia. Hizi ni za pili. Tulianza na mbegu tena."

Afisa aliuliza angeijuaje samadi iliyoiva. Afnan akaeleza, taratibu, mpaka mwisho, bila kumtazama mwalimu hata mara moja. Bi Nzisa anasema hapo ndipo machozi yalipomshinda, akajifanya anakagua ukuta.

Alama zilipotoka, hakuna aliyekosa zake. Hazikuwa za kutangaza redioni, lakini zilikuwa zao. Mamake Afnan alimtumia mwalimu seti ya sufuria, na salamu kwamba mambo ya miche yameisha.

Mwaka huu waliochagua Kilimo wameongezeka hadi vitalu havitoshi, na Bi Nzisa anataka kulima kipande kilicho nyuma ya jikoni, ambako sasa hutupwa majivu. Lakini ukimuuliza anachotamani hasa, hataji ardhi. Anamtaja Afnan, ambaye amejiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa Kilimo.

Anataka Afnan arudi hapa wakati wa mafunzo ya kufundisha, na ameshaamua atampa darasa gani.

"Nitampa Kidato cha Nne, na mimi nitoke kabisa," anasema Bi Nzisa. "Yule ameua shamba mzima na akasema ni yeye. Mtoto wa mtu akikosea mbele yake, hatamcheka."