Viti vya Marcelina

Marcelina amesafisha jengo la Jumuiya la chuo kimoja hapa London kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo watu wenye digrii tatu tatu wamemjua kama yule wa vyoo. Mwezi wa tisa, majani yakianza kushuka na ada kupanda, akajiona ukutani. Bango kubwa la shughuli za msimu: jioni ya mavuno, kuchonga maboga, fataki. Katikati yuko yeye, anacheka. Ufagio aliokuwa ameushika wameukata pichani, meno wameyaacha. Juu yake wameandika kwamba wote ni wa hapa, karibuni.

Kwao Taita, mtu akikukaribisha mpaka akakutundika ukutani, huji mikono mitupu, na huji kukaa. Unakuja mapema kusaidia. Akawatangazia akina mama wenzake wa kanisani Tooting kwamba safari hii anaingia kwa mlango wa mbele.

Alhamisi ya mavuno akachukua likizo, akakaanga mandazi ya iliki, hotpoti mbili. Saa tisa alasiri yuko ukumbini, na ukumbi mtupu: ofisi ya shughuli ilishughulikia maboga, ikasahau kuagiza viti. Akavitoa stoo mwenyewe, mia moja na ishirini, akavipanga, akavifuta. Kisha akaenda kuvaa kitenge.

Aliporudi, mlangoni alisimama Balbir, mlinzi, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, uso umemshuka.

"Mama, usinikasirikie. Hauko kwa listi."

"Niko ukutani, Balbir."

"Ukuta si listi."

Akaja Tatiana wa ofisi ya shughuli, na tabasamu la kukodi. Akaeleza, kwa upole wa kumnywesha mtoto dawa, kwamba jumuiya ni wanafunzi na wafanyakazi wa chuo, na Marcelina ni wa kampuni ya usafi. Mandazi nayo hayana lebo ya viungo, yanaweza kuua mtu mwenye mzio. Ila akiwa na nafasi baadaye, kutakuwa na maganda ya maboga ya kufagia.

Marcelina akamwachia Balbir hotpoti, akazungukia mlango wa nyuma, ule wa ufagio, ambao kadi yake huufungua siku zote. Akaanza kurudisha viti stoo, vinne vinne. Tatiana akamfuata akiuliza wageni watakaa wapi.

"Nilivitoa kama mwenyeji," Marcelina akasema. "Mwenyeji mmemfukuza. Jaza fomu ya kampuni. Majibu ni siku tano."

Akafunga stoo, ufunguo akautia kwenye sanduku la funguo la kampuni, kama kanuni za chuo zinavyotaka.

Mkuu wa chuo akahutubia juu ya mshikamano mbele ya maprofesa waliosimama kama foleni ya posta. Mmoja alikalia boga, likamvumilia mpaka kwenye neno "familia".

Nje, Balbir alikuwa kwenye andazi la nne. "Kesho watakushtaki kwa kampuni."

"Washtaki. Leo niko likizo."

Akalibandua bango, akalikunja vizuri, akapanda nalo basi. Jengo ni lao. Meno ni yake.