Usukani Alioufunga Bibi

Usiku ule wala sikuota kitu. Nililala kama gogo, nikaamka na shingo yangu ile ile iliyokakamaa. Ndoto ilinijia mchana wake, saa nane, nimejinyoosha barazani na sare za kazi mwilini, na ndiyo maana mke wangu mpaka leo anadai haikuwa ndoto bali ni ubwabwa ulionizidi. Ah wapi! Mimi najua niliyemwona.

Mnielewe kwanza. Mimi ni msoma mita za maji hapa Ifakara. Kazi yangu ni baiskeli kutwa nzima, na baiskeli yangu haikuwa ya kawaida. Niliipata kwa msafiri mmoja aliyekuwa anazunguka nchi, magoti yakamshinda hapa hapa kwetu, akaendelea na safari kwa basi. Fremu ndefu nyembamba, keria mbele na nyuma, na usukani umepinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Ukiushika unalala kifudifudi juu ya baiskeli, mgongo juu, kichwa chini, na unakwenda, si mchezo. Mji mzima ni baiskeli nyeusi za kukaa wima, yangu peke yake ndiyo yenye pembe. Vijana walinisimamisha waishangae. Nami, niseme ukweli, nilijisikia.

Mwaka wa kwanza raha. Mwaka wa pili viganja vikaanza kufa ganzi. Wa tatu ikaja shingo. Mke wangu, Mama Rukia, akasema, "Baba Rukia, kabadilishe huo usukani. Umri umekwenda." Nikamjibu kwamba baiskeli ya safari ndefu haifungwi usukani wa kubebea mkaa. Nilichokubali ni kuzipindua zile pembe zitazame juu. Breki nazo zikatazama mbinguni, vidole vikazikosa, nikaingia mtaroni mbele ya foleni ya watu kisimani. Nikazirudisha chini jioni ile ile. Mama Rukia alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kilichokuwa kinanila moyo si shingo. Ni Bibi Tabu. Huyu ni mdogo wake Bibi Mwajuma, bibi aliyenilea tangu nikiwa mchanga, ambaye tulimzika nyuma ya nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja. Bibi Tabu amebaki pale peke yake, kando ya njia ninayopita kila asubuhi kwenda kazini. Anakaa mlangoni na kikombe chake cha uji, wapita njia wanamwamkia, naye anaitikia mmoja mmoja. Na mimi mjukuu wake nilikuwa nampita tu. Mwaka mzima, tangu shingo ilipokataa kuinuka! Wallahi mwanzoni sikumwona. Kichwa kiko chini, macho yako kwenye tairi la mbele, masikio yamejaa upepo. Kumbe yeye ananiona, na kila siku anasubiri shikamoo ambayo haiji.

Zamani aliniita "mume wangu", kama bibi anavyomtania mjukuu. Sasa akaanza kuniita "yule bwana wa maji". Akawaambia majirani, "Yule bwana wa maji amenichukia, sijui nimemkosea nini." Maneno yakanifikia, nami nikapandisha hasira. Mimi nimchukie Bibi Tabu? Mimi niliyekula mkononi mwake? Badala ya kwenda kumwomba radhi, nikanuna. Nikasema nikienda nitakuwa nimekiri. Na hapo ndipo nilipokosa kweli, kwa sababu tangu siku ile nilijua yuko pale mlangoni, na kila nilipoikaribia nyumba yake niliinama zaidi.

Mchana ule, nikiwa nakula, Mama Rukia akaniambia kuna mgeni kwa Bibi Tabu. Ni mtoto wa kaka yake, mtu mzima anayeishi Mahenge. Amekuja kumchukua moja kwa moja, wanaondoka kesho asubuhi.

"Bibi amesema hapa hana mtu tena," Mama Rukia akasema. "Nenda, Baba Rukia."

"Siendi. Amenitangaza mji mzima."

"Haya. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." Akaondoa vyombo, nami ubwabwa sijaumaliza.

Nikajinyoosha barazani na hasira zangu. Nilidhani nimefumba macho tu.

Nilikuwa njiani, juu ya baiskeli, nimeinama kama kawaida yangu. Tairi la mbele linazunguka. Nje ya tairi naona miguu tu, miguu ya watu waliosimama kando ya njia, mingine ina kandambili, mingine ina tope la majaruba. Na kila mguu ninaoupita unasema, "Hujambo?" Sauti ni moja, miguu yote. Nataka kuitikia, shingo haiinuki. Nakanyaga pedeli nikimbie, na miguu nayo inazidi kuwa mingi, haiishi.

Halafu naona miguu miwili niliyoijua. Visigino vina nyufa zilizojaa unga wa pumba, na kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Nikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Huko chini unaongea na nani?" akauliza Bibi Mwajuma.

Njia haipo tena. Tuko kwenye ua wake wa zamani, penye kinu na mafiga, na harufu ya ubwabwa wa nazi imejaa. Najua kabisa kwamba amekufa. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Wala siogopi, naona aibu tu kwamba sijamletea kitu. Amevaa kanga yake ya kila siku, na ni kijana kuliko mimi. Baiskeli yangu imeegemea kinu, naye anaizunguka taratibu, mikono kiunoni, kama anayekagua mbuzi wa mahari.

"Nani amekukunja hivi, mume wangu?"

Nikaanza kumweleza habari za upepo, kwamba ukilala unaukata, unafika haraka. Ananisikiliza mpaka mwisho. Kisha anachukua mwiko wa kusongea ugali, anaupachika kwenye nati ya usukani, anazungusha mara moja, na pembe zote zinang'oka mkononi mwake kama mhogo uliolainika. Bibi yangu ambaye maisha yake hakushika spana! Nikapiga kelele, "Bibi, utaniharibia!" Yeye anazitupa pembe kule kwa kuku.

"Keti."

Nakaa juu ya kinu kilichofudikizwa. Nimekaa kama ninavyokaa siku zote, mabega mbele, kidevu kifuani. Ananipiga kofi dogo mgongoni, lile la utotoni.

"Kaa kama mtu anayesubiri kupakuliwa."

Basi nikakaa hivyo. Jamani, nani asiyejua kukaa hivyo? Mgongo ukanyooka wenyewe, mabega yakashuka, viwiko vikalegea, mikono ikatangulia mbele kidogo kupokea sahani. Bibi anapima kwa shubiri, kutoka tumboni kwangu mpaka viganjani, shubiri tatu na vidole viwili. Pale pale viganja vilipo, hewani, anaweka usukani. Sijui ameutoa wapi. Ni usukani mpana uliorudi nyuma kwa upole, kama wa zile baiskeli nyeusi nilizokuwa nikizicheka. Waya za breki zimekuwa fupi, hazifiki. Anavuta ukindu kwenye fungu lililo miguuni pake, anazisokotea hapo hapo, akiimba puani wimbo wake usio na maneno, mpaka zinafika. Siti yangu nyembamba anaing'oa bila kuniuliza, anafunga pana yenye springi. Anabonyeza breki na zinashika. Nami nimekaa namwangalia tu, machozi yananitiririka, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akinivalisha sare za shule, hasemi kitu, ananivuta huku, ananigeuza kule.

Sasa tuko njiani, yeye nyuma kwenye keria amekaa upande, mkono wake umenishika kiunoni. Nimekaa wima. Na naona! Naona milima yote ile ya Udzungwa imesimama upande wangu, na sijui mara ya mwisho niliiona lini. Naona mpunga umeshika suke. Ile miguu imepata watu juu yake, na watu wana nyuso, wananipungia. Kila mmoja namwamkia, naye ananiitikia, na Bibi nyuma yangu anaitikia pamoja nao. Hatuendi haraka, na hakuna anayetuuliza mbona tumechelewa.

"Nishushe hapo," anasema.

Ni kwa Bibi Tabu. Mlango umefungwa. Hakuna kiti wala kikombe cha uji. Bibi Mwajuma anashuka, anazunguka nyuma ya nyumba, kule tulikomlaza, nami namfuata nikikokota baiskeli. Majani yameota mpaka magotini. Anasimama katikati yake, ananitazama, na sasa ni mzee kama alivyokuwa siku zake za mwisho, na uso wake si wa utani tena.

"Mdogo wangu kila asubuhi ananiamkia kabla ya mtu yeyote," anasema. "Akienda Mahenge, nani ataniamkia?"

Nataka kusema mimi. Neno liko mdomoni. Lakini hata katika ndoto mtu anajijua, na mimi nilijijua nilivyopita pale mwaka mzima. Neno halikutoka. Kisha akaitazama baiskeli, akaigusa siti, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Nenda basi, kabla hajafunga mlango."

Nikaamka. Shavu limelowa, mkeka umenichora usoni, na Mama Rukia amesimama mlangoni na upawa.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Nilichukua baiskeli nikaikokota mpaka kwa Fundi Mchopa, nikamwambia ng'oa pembe. Fundi akadhani nimeugua. "Hizi? Ulizokuwa unatutambia?" Ng'oa, nikasema. Nikakaa kwenye benchi lake, mgongo wima, mikono mbele, nikamwambia, "Mikono yangu iko hapa. Usukani nautaka hapa." Alicheka, wateja wakacheka, lakini alipima. Akatafuta usukani wa baiskeli nyeusi iliyokufa. Shingo ya baiskeli yangu ikawa pana kidogo kwake, ukacheza, basi akakata bati la kopo, akalizungushia, akakaza, ukatulia. Waya za breki zilikuwa fupi, kama nilivyojua. Akaweka mpya ndefu. Siti pana yenye springi nikaichagua mwenyewe. Magharibi ilipoingia tulikuwa tumemaliza. Baiskeli ikawa kama ya kila mtu, na nilipoipanda kurudi nyumbani shingo yangu haikulia hata kidogo.

Asubuhi, mapema, nikaenda. Mbele ya nyumba ya Bibi Tabu kulikuwa na guta la kupeleka mizigo stendi, limeshapakiwa: godoro, masufuria, ndoo, na juu kabisa kile kiti chake cha mlangoni kimefungwa kamba. Yule mtu wa Mahenge alikuwa anakaza fundo. Bibi Tabu amesimama, kanga kichwani, ufunguo mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nilipunguza mwendo tangu mbali. Nilimwona kabla hajaniona. Nikasema kwa sauti, mtaa mzima usikie, "Shikamoo, Bibi!"

Hakuitikia. Alinitazama muda mrefu mpaka yule mtu wa Mahenge akaacha kamba. Nilishuka, nikasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Utosi wako naujua," akasema mwisho. "Nimeona upara unaota, nimeutazama ukipanuka. Kumbe na ndevu zimeingia mvi."

"Nisamehe, Bibi. Mwanzoni sikukuona. Baadaye nilikuona, nikainama."

"Najua. Baiskeli ulijificha nayo vizuri wewe."

Nikampa salamu nilizotumwa. Nikamwambia nimemwona dada yake jana, mzima, ana nguvu, amenikalisha wima. Nikamwambia anauliza, mdogo wake akienda Mahenge, yeye ataamkiwa na nani asubuhi. Na nikamwambia nilishindwa kumjibu, kwa sababu mwaka mzima nimekuwa mpita njia tu, lakini kuanzia leo nitashuka hapa kila siku, na tutamwamkia wawili.

Bibi Tabu aligeuka akatazama upande wa nyuma ya nyumba. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, polepole, jicho moja, kisha la pili. Yule mtu wa Mahenge akakohoa, akasema jua linapanda, twende shangazi.

"Marahaba," akasema Bibi, si kwake bali kwangu. Halafu akamgeukia. "Wewe, shusha hicho kiti. Mume wangu amekuja, unataka akalie nini?"