Rasimu ya ndege binafsi, kiwanja chetu cha milimani, na jibu la mjomba lililotaka kutumaliza

Poleni na mihangaiko wakuu. Na wakuu wa kike tupo humu, tusisahauliane.

Haya ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mmeisikia ile rasimu ya kanuni za usalama kwa ndege binafsi? Najua wengi mliipita juu juu. Ndege binafsi ni mambo ya matajiri, sisi yanatuhusu nini. Hata mimi ningeipita, kama si kiwanja chetu.

Sisi tuko nyuma ya Uluguru, upande ambao masika ikikolea barabara inakatika, gari halipandi wala halishuki. Tunalima kabichi, karoti na njegere. Tuna kanisa, zahanati, na kiwanja cha ndege cha nyasi kilichoachwa na mapadri wa zamani. Ardhi ni ya ukoo wetu, na majani tunafyeka wenyewe kwa zamu.

Anayetua hapo ni mtu mmoja, Kapteni Beda. Ana shamba lake njia ya Ngerengere na kandege kadogo. Tukiwa na mgonjwa mahututi na barabara imekatika, nesi anampigia simu, anakuja kumbeba hadi mjini Moro.

Masika iliyopita alimbeba mdogo wangu Skola. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, damu zinamtoka. Leo Skola yupo na mtoto yupo. Bila kile kiwanja ningekuwa nawasimulia msiba.

Sasa rasimu inasema kila kiwanja binafsi kiwe na uzio, kiwe na walinzi wa kuajiriwa, na majina ya abiria yapelekwe siku tatu kabla ya safari. Kisichotimiza kinafungwa.

Siku tatu kabla! Uchungu wa kuzaa nao ukaombe kibali?

Wadau tukaitwa kutoa maoni, ukumbi mmoja pale Kilakala, mjini Moro. Mimi ni katibu wa kamati ya kiwanja. Mwenyekiti ni mjomba Severini, mkubwa wa ukoo. Kwetu Waluguru huwezi kwenda kuisemea ardhi ukamwacha mjomba nyumbani.

Ukumbi umejaa watu wa utalii, wenye mashamba makubwa, marubani wenye miwani yao. Mic ilipofika kwangu sikuremba. Nikawaeleza ya Skola, ya barabara, ya uzio ambao hata tukiuza kabichi za kijiji kizima hatuupati. Watu wakapiga makofi. Nikakaa nimevimba kichwa.

Afande wa polisi aliyekuwa meza kuu, mtu mpole tu, akauliza, "Dada, hapo kwenu nani anamwangalia anayetua?"

"Kijiji kizima," nikajibu. "Nzi hatui tusimwone."

"Imewahi kutua ndege msiyoijua?"

Nikainamia makaratasi yangu. Mjomba akasimama. Jamani, mjomba wangu hajui kudanganya, hata kwenye bao hawezi.

"Ilitua moja," akasema. "Mawingu yalishuka, wakakosa njia. Vijana wawili."

"Walikuwa nani?"

"Hatukuwauliza."

"Kwa nini?"

"Walikuwa hawajala."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakuu, kwetu mgeni haulizwi jina wala shida yake kabla hajanawa mikono akala. Kumuuliza ni kama kumwambia ondoka. Lakini kalieleze hilo mbele ya afande!

"Na walipomaliza kula?"

"Mawingu yakafunguka, wakaaga. Tukawafungashia ndizi."

"Walikuwa na mizigo?"

"Mabegi makubwa, mazito," mjomba akasema kwa moyo mweupe. "Tuliwabebea sisi wenyewe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hata yule afande alikuwa anajizuia asicheke.

Kwenye mapumziko ya chai nikamfuata mjomba nje. Nikamwambia, "Mjomba, umetumaliza." Najua si lugha ya kumwambia mkubwa, lakini nilikuwa naona kiwanja kinaota magugu na dada zangu wanafia kwenye machela za miti.

Akaniangalia. "Ulitaka niseme uongo, mwanangu? Wakija kugundua, watatuamini tena?"

Nikaanza kuyafikiria yale mabegi. Kwa kweli mpaka leo hatujui kulikuwa na nini ndani. Inaweza kuwa nguo. Inaweza kuwa pembe, au bunduki. Na njia ya ndege kuja kwetu inapita karibu na kambi ya jeshi. Afande ana haki ya kuogopa, na hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimekuja kubishana, sikuja kukitetea kiwanja.

Tuliporudi ndani nikanyoosha mkono. Mshereheshaji akasema muda wangu umekwisha. Sikuushusha. Akawapa wengine wawili, mkono uko juu. Mwisho afande mwenyewe akasema, mpeni huyo dada.

Nikasema tumekosea, naomba iandikwe hivyo. Ila uzio usingewauliza wale vijana majina yao. Kilichokosekana pale ni mtu wa kuuliza. Tupeni kazi hiyo sisi. Ndege ya mgonjwa, nesi apige simu polisi kabla haijaruka, kibali kitoke hapo hapo. Ndege ngeni, isiondoke hadi polisi waambiwe ni nani na kabeba nini.

"Na msipofanya, nikamshike nani?"

"Nishike mimi."

Mjomba akasimama tena. Nikafumba macho. "Na mimi," akasema. "Nitauliza kabla ya chakula."

Safari hii hakuna aliyecheka. Afande aliandika.

Mnadhani kazi iliishia hapo? Kazi ilikuwa kijijini. Kina bibi walinikalia kooni. Mgeni njoo mwenyeji apone, leo tumgeuze mtuhumiwa? Tutaitwa wachoyo hadi Kingolwira! Kikao cha kwanza kilivunjika, nikaitisha cha pili. Cha tatu wakakubali, kwa kununa.

Wiki iliyopita Kapteni Beda alikuja kumchukua mtoto aliyeungua uji. Mjomba akamsubiri mlangoni pa ndege.

"Jina lako nani?"

Kapteni akacheka. Wanajuana miaka na miaka, wameshakula sahani moja. Akaona mzee hacheki, akatoa kitambulisho taratibu. Mjomba akakishika kwa mikono miwili, akamwambia, "Nisamehe baba. Ni kwa ajili ya hawa watoto."

Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu. Nami yakanitoka.

Rasimu bado haijapita. Kila nikishuka Moro na mzigo wa karoti napitia ofisini kwa yule afande kuuliza, wameshaanza kunijua kwa sauti. Wakiipitisha kama ilivyo, nitaanza upya.

Nililojifunza: mficha uchi hazai. Ukitaka kutetea chako, anza kwa kukubali palipovuja, kisha ng'ang'ana.

Wenye viwanja vya vijijini, marubani, hata maafande mliomo humu, leteni maoni, na matusi pia nitayasoma. Ila siku mkitutembelea msikasirike. Tutawauliza majina kwanza, na chakula kitakuwa tayari kiko mezani.