Mjukuu wa Watu na Gitaa Lake

Miezi ile Sydney ilipofungwa kwa korona nilimwonea kijicho msichana ambaye hakunikosea kitu, na sioni sababu ya kuficha. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa mjukuu anayependa kuimba na bibi yake.

Bibi huyo nilikuwa namtunza nyumbani kwake, Bondi. Alikuwa mjane wa Kiyahudi, magoti mabovu, ulimi mzima. Mimi nilitokea Auburn, kwetu kulikobanwa kuliko kwingine, nikivuka jiji kwa treni na barakoa yangu na kibali cha kazi, pua imechokonolewa vipimo mpaka imezoea. Familia yake iliogopa kumletea ugonjwa. Basi kila Ijumaa, kabla jua halijazama, bibi aliwasha mishumaa yake, mimi nikamfungulia kompyuta, na waumini wa sinagogi lake wakajitokeza kwenye kioo, kila mmoja na kisanduku chake. Sabato yao huanza Ijumaa jioni, na Wayahudi wenye msimamo mkali hawagusi mitambo siku hiyo. Wa bibi walikuwa wa upande unaoruhusu. Aliyeongoza nyimbo alikuwa mjukuu, na gitaa mapajani. Sauti za wengine zilizimwa, maana mtandao ulimchelewesha kila mtu kivyake na kwaya ingegeuka soko.

Maneno ya sala zao ni ya kale, lakini tuni zilikuwa mpya kabisa, nyingine za mwaka juzi.

"Baba yangu angeziba masikio," bibi aliniambia. "Huu ni muziki wa vijana wanaoota moto kambini."

Kisha akauimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Mimi nimekulia kwenye kwaya ya Kilutheri, sauti ya kwanza, kwa hiyo masikio yangu hayakubali kukaa bure. Kwetu wimbo mgeni hatuuanzi kwa maneno. Tunauanza kwa nota, do re mi, kila sauti peke yake, na mwalimu anagonga meza. Nikafanya hivyo hivyo kwenye sinki la bibi, naosha sahani huku natafuta do imejificha wapi. Maneno ya Kiebrania niliyafuata baadaye, yalikuwa yanaandikwa chini ya kioo kwa herufi zetu. Wimbo mmoja haukuwa na neno hata moja, lai lai lai tangu mwanzo mpaka mwisho, na walikuwa wanauzungusha bila kuchoka. Nikadhani wamesahau mashairi. Bibi akacheka, akasema wimbo wenyewe ndio huo, maneno yangeuharibu.

Nikirudi Auburn, nyumbani kulikuwa na binti yangu wa miaka kumi na sita, chumbani, mlango umefungwa. Kanisa letu nalo lilihamia kwenye simu. Kila Jumapili nilimgongea mlango.

"Mwanangu, njoo tuimbe."

"Mum, I've got an assignment."

Au: "Mum, please, it's so awkward."

Kiswahili anakisikia chote. Majibu ndiyo yanatoka kwa Kiingereza. Tangu alipoanza sekondari hakuwahi kufungua mdomo kuimba nami, na mimi nilikuwa nataka hilo tu, aimbe nami kwa hiari yake bila kulazimishwa. Sikuomba cheti wala udaktari.

Kwa hiyo fikiria nilivyoumia Ijumaa baada ya Ijumaa. Mjukuu akipiga uzi usiopaswa, bibi anafuta machozi ya furaha. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, lakini si kwa kiasi kile! Nilimtafuta kasoro kwa bidii. Nikagundua kwamba mwisho wa kila mstari sauti yake ilishuka kidogo, na ugunduzi ule ulinifurahisha wiki nzima.

Sasa, wanao wimbo wa kuipokea Sabato kama bibi harusi. Ukifika ubeti wa mwisho, wote husimama, hugeukia mlango na kuinama, kwamba ndiyo anaingia. Ijumaa moja bibi alitaka kusimama kama wenzake, nikamshika kiunoni. Nilikuwa nimemwashia kipaza sauti amsalimie mjukuu wake, nikasahau kukizima. Tukageukia mlango. Jamani, bibi harusi anaingia, na watu wameinama kimya kama wako msibani! Ulimi wangu haukuningoja. Nilipiga vigelegele vya kutosha harusi tatu.

Mlio wa gitaa ukakatika. Visanduku vyote vikatutazama. Bibi alikuwa anatetemeka mikononi mwangu, nikajua nimemliza mzee wa watu siku yake takatifu, kumbe anacheka mpaka pumzi zinamwishia.

"Who was that?" mjukuu aliuliza. "Please, do it again!"

Baada ya ibada akaomba nimfundishe. Hapo wivu ulinikaba barabara. Bibi anaye, nyimbo za mababu anazo, na sasa cha kwetu nacho anakitaka, wakati binti yangu hata hakigusi. Nilikubali kwa sababu bibi alikuwa ananitazama.

Jumapili mchana nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari jikoni kwangu. Nikamwonyesha ulimi unavyokwenda na pumzi inakotoka. Vigelegele vyake vya kwanza vilikuwa vya kuku aliyekanyagwa, nami nilicheka bila huruma, naye akacheka. Akanilipa kwa kunifundisha sauti ya pili ya ule wimbo wa bibi harusi. Tukaupokezana, yeye mstari, mimi mstari, na lazima niseme kweli: ilikuwa raha.

Nilipokata simu nilimkuta binti yangu amesimama mbele ya friji iliyo wazi, hachukui kitu.

"Funga friji, umeme unakwenda."

Akaubamiza mlango.

"You never taught me that."

"Hujawahi kutaka."

"You never asked! Unaniita nikae na wazee kwenye simu, that's all." Kisha akayasema yaliyobaki kwa Kiswahili, taratibu, ili nisije nikasema sikuelewa. "Yule ana bibi yake. Mimi ndiye mtoto wako. Kwa nini unacheka naye hivyo?"

Machozi yalikuwa yanamlenga na mdomo ameuvuta mbele. Sura ile niliifahamu vizuri, nilikuwa nimeivaa kila Ijumaa pale Bondi, nyuma ya kiti cha bibi. Mama mwema angemkumbatia papo hapo. Mimi nilisimama kwanza nikamtazama, nikashiba. Mwanangu alikuwa na wivu, na aliyekuwa anagombaniwa nilikuwa mimi.