Ng'ombe Wangu Pangoni

Ulikuwa mwaka ule tuliokula michembe mpaka Pasaka, viazi vikavu asubuhi, viazi vikavu jioni, kwa sababu mahindi yaliungua na jua shambani. Mjukuu wangu wa kike alirudi Bariadi kutoka chuo na mchezo wa kukaa mezani. Hauna ubao wala picha, ni maneno na dadu tu. Yeye anasimulia pango, na wewe umo pangoni; ukifika penye hatari unarusha dadu, nayo inaamua kama utapona.

Kwanza kila mtu alichagua vitu vya kubeba. Wajukuu wengine wawili, wa kiume, walichukua mapanga, kamba, taa. Mimi nikasema ng'ombe. Wakacheka. Yeye hakucheka, akaandika: ng'ombe jike, mweusi, ana baka usoni. Baka nililitaka mwenyewe.

Mitego aliyoitega binti yule pangoni sijaiona popote. Sisi tunajua shimo la nguruwe lililofunikwa majani, basi. Yeye aliweka kifo hata kwenye kitasa. Mjukuu wa kiume wa kwanza alikishika, sindano yenye sumu ikamchoma, akafa karanga zikiwa bado mdomoni. Mtoto niliyembeba mgongoni nikipalilia pamba anasema taratibu, "Mnasikia jiwe linasogea," na mimi, mtu mzima, nainua miguu chini ya meza.

Tukabaki wawili na ng'ombe wangu. Mbele kuna ukumbi, sakafu ni sawasawa mno, inatia shaka, na mlango wa kutokea uko ng'ambo.

"Bibi, mtangulize ng'ombe," yule aliyebaki akasema. "Akitumbukia, tutajua pa kukanyaga."

"Ng'ombe wangu hatangulizwi."

"Huyo ni wa karatasi, bibi."

"Na wewe ni wa karatasi. Tangulia."

Huku kwetu mchungaji hutembea nyuma ya ng'ombe, lakini mkifika kwenye mto msioujua, mtu ndiye anaingia kwanza kupima maji. Nikasema naingia. Nikarusha dadu. Mjukuu wangu wa kike akaitazama.

"Sakafu imefunguka, bibi. Chini ni mikuki."

Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nimekaa kwenye kiti. Nimeona mengi, ila kuanguka namna ile bado. Maneno matupu, na ameniua sebuleni kwangu. Nikamtazama kama mtu anayetazama radi ikipiga mlima. Huyu ni wa kwangu, nikasema moyoni, huyu katoka kwangu.

Yeye akadhani nimeumia. Akanishika mkono.

"Bibi, wewe nakurudisha mlango wa kuingilia ukumbini. Safari hii mtangulize ng'ombe, uishi."

"Ng'ombe wangu hatangulizwi."